Timu ikishuka, nani atamlipa kocha mwezi wa nane?

Jioni ya tarehe 26 Julai 2020 nilikuwa kwenye kibanda umiza Mbagala, nimebanwa kati ya watu ambao mwaka mmoja nyuma Aston Villa haikuwahusu kabisa. Mbwana Samatta ndiye aliyewaleta. Tangu asaini Januari ile, akafunga dhidi ya Bournemouth katika mechi yake ya kwanza ya ligi, akafunga tena Wembley kwenye fainali na Manchester City, Dar es Salaam ilikuwa inazijua hesabu za mkiani mwa Ligi Kuu ya Uingereza kuliko za kileleni. Villa walikuwa ugenini kwa West Ham. Bournemouth walikuwa kwa Everton, Watford kwa Arsenal. Jack Grealish alipofunga dakika ya 84 benchi tulilokalia likakaribia kuvunjika, na dakika moja baadaye Andriy Yarmolenko akasawazisha, kibanda kikawa kama msiba. Ikaisha 1-1. Villa wakabaki na pointi 35. Bournemouth, ambao siku hiyo walishinda 3-1, wakashuka na pointi 34 sawa na Watford, wakawafuata Norwich waliokuwa wameshashuka mapema na 21 zao.

Tukiwa tunatoka, kijana mmoja akanishika bega. "Kaka, sasa hawa makocha walioshusha timu, wanabaki?"

Nilimjibu harakaharaka kwamba watafukuzwa wote, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuona hapa kwetu. Nilikosea, na nilivyokosea kumenifundisha mengi kuliko ningepatia.

Klabu tatu zilizoshuka siku zile zilichukua njia tatu tofauti. Norwich walimbakiza Daniel Farke. Alikuwa na mkataba hadi 2022, na viongozi walijua wazi kwamba alipoipandisha timu mwaka 2019 walimpa fedha kidogo mno za usajili, kwa hiyo lawama ya kushuka hawakuweza kumbebesha peke yake. Bournemouth waliachana na Eddie Howe kwa makubaliano mwanzoni mwa Agosti, mtu aliyeitoa klabu hiyo daraja la nne akaifikisha Ligi Kuu. Watford hawakuwa hata na kocha wa kuuliza, maana walikuwa wamemtimua Nigel Pearson zikiwa zimebaki mechi mbili.

Mpenda haki angetaka mambo yaende hivi: Norwich wenye subira wapande, Watford wenye haraka waadhibiwe. Norwich kweli walichukua ubingwa wa Championship, daraja la pili la Uingereza, kwa pointi 97. Lakini nyuma yao, kwa pointi 91, walikuwa Watford, tena wakiwa wamebadilisha kocha katikati ya msimu: Vladimir Ivić akatoka Desemba, akaingia Xisco Muñoz. Bournemouth wakamaliza wa sita na kutolewa na Brentford kwenye mtoano. Mwaka 2022 Norwich na Watford wote wakashuka tena, na Bournemouth ndio wakapanda, wakiwa na Scott Parker, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameshuka na Fulham. Kocha aliyeshusha klabu moja akaenda kuipandisha nyingine iliyowahi kushuka.

Kwa hiyo anayesema kocha akibaki timu hurudi, hana ushahidi. Anayesema kocha aliyeshusha timu lazima aondoke, naye hana. Ubishi wa vijiweni unaishia hapo, kila mtu na mfano wake mfukoni. Mimi nadhani tunaangalia pasipo. Kubaki au kuondoka kwa kocha ni matokeo ya kikao, na cha kuchunguza ni kile kilichosemwa ndani ya kikao hicho: nani atapanga orodha ya wachezaji wa kuuzwa na wa kununuliwa, na mshahara wa Agosti utatoka wapi.

Kikao kilichofanyika vizuri kuliko vyote ninavyovijua ni cha Newcastle mwaka 2016.

Rafael Benítez alifika pale Machi, zimebaki mechi kumi, akichukua nafasi ya Steve McClaren. Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu Real Madrid wamtimue. Huyu ni mtu aliyechukua Ligi ya Mabingwa Ulaya na Liverpool mwaka 2005, kwa hiyo kumwona kwenye timu inayozama kulishangaza wengi. Katika mechi kumi alishinda tatu, akatoka sare nne, akafungwa tatu, na sita za mwisho hakupoteza hata moja. Haikutosha. Sare ya 0-0 kwa Aston Villa, ambao walikuwa tayari wameshashuka, iliwaumiza vibaya, na Sunderland walipowafunga Everton 3-0 hesabu ikafungwa. Sunderland pointi 39, Newcastle 37 baada ya mechi ya mwisho.

Mkataba wake ulikuwa na kifungu cha kumruhusu kuondoka endapo timu itashuka. Kocha wa hadhi ile, daraja la pili, ya nini? Kisha ikaja mechi ya mwisho nyumbani na Tottenham, siku nne baada ya kushuka. Newcastle wakashinda 5-1, na uwanja mzima ukawa unamwimbia abaki. Timu imeshashuka, lakini mashabiki hawakuimba kumtukana mtu. Waliimba kumwomba mtu. Siku kumi baadaye alisaini mkataba wa miaka mitatu.

Ni rahisi kusema nyimbo zile zilimlainisha, na yeye mwenyewe hakuficha kwamba zilimgusa. Ila nyimbo hazipangi kikosi. Alichokipata mezani kwa mmiliki Mike Ashley ni mamlaka makubwa zaidi juu ya mambo ya mpira, katika klabu ambayo mara nyingi usajili ulikuwa unaamuliwa juu ya kichwa cha kocha. Matumizi ya mamlaka hayo yalionekana dirisha lile lile. Georginio Wijnaldum akauzwa Liverpool, Moussa Sissoko akauzwa Tottenham, Andros Townsend akaenda Crystal Palace. Wakaingia watu kama Dwight Gayle na Matt Ritchie, huyu wa pili akiwa ameshawahi kuchukua ubingwa wa daraja lile lile na Bournemouth mwaka 2015. Majina yalipungua ukubwa. Waliokuja walijua kucheza Jumanne usiku kwenye mvua baada ya kucheza Jumamosi. Gayle alifunga mabao 23 ya ligi.

Newcastle walipoteza mechi mbili za kwanza za msimu ule, ugenini kwa Fulham na nyumbani kwa Huddersfield. Msomaji wa Dar es Salaam hebu ajiulize mwenyewe kingetokea nini hapa kwetu: timu imeshuka, kocha amebakizwa kwa fedha nyingi, na baada ya mechi mbili ana pointi sifuri. Kwa kawaida ya huku, kabla ya mechi ya tatu tungeshasikia kwamba kocha amepewa mapumziko. Pale hakuguswa. Mwezi Mei wakachukua ubingwa kwa pointi 94, moja zaidi ya Brighton, siku ya mwisho kabisa, baada ya Brighton kusawazishiwa dakika za lala salama na Villa. Mfungaji alikuwa Grealish huyo huyo wa kibanda cha Mbagala, miaka mitatu kabla hatujamfahamu.

Benítez aliondoka Juni 2019 mkataba ulipokwisha, kwa sababu yeye na uongozi hawakukubaliana tena juu ya uwekezaji. Yaani makubaliano yaliyombakiza yalipokosekana, hakubaki.

Nina mfano mwingine unaonikera, kwa sababu unahusu mtu tuliyempenda. Dean Smith ndiye aliyekuwa kocha wa Villa ya Samatta. Novemba 2021 Villa walimwachisha kazi, na siku chache baadaye Norwich wakamchukua baada ya kumfukuza Farke, ambaye kibarua chake kiliota nyasi saa chache baada ya kushinda mechi ya kwanza ya ligi msimu ule, 2-1 kwa Brentford. Smith hakuweza kuzuia maporomoko. Norwich walishuka rasmi Aprili 30, 2022, na uwanja ulikuwa Villa Park, mbele ya watu aliowaokoa miaka miwili nyuma. Walimbakiza. Desemba ile ile walimtimua timu ikiwa ya tano kwenye Championship, nafasi ya mtoano. Nafasi ya tano! Kama nia ilikuwa kumwondoa Krismasi, wangemwachia Juni, wakati kocha mpya anaweza kusajili na kufanya maandalizi ya msimu. Walichofanya ni kumnunulia muda bila kumpa imani, na hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote mbili.

Wapo pia wanaoondoka kwa kwenda juu. Vincent Kompany alishuka na Burnley Mei 2024 akiwa na pointi 24, na mwezi huo huo Bayern Munich wakamwaga naye wino. Waliocheka hawakukumbuka kwamba mwaka mmoja kabla alipanda na Burnley hiyo hiyo kwa pointi 101. Wakubwa wa Munich walitazama namna timu inavyocheza, jedwali wakaliweka kando. Kwa kocha wa aina hii klabu iliyoshuka haina la kufanya zaidi ya kudai fidia nzuri.

Lakini sitaki kuonekana kama napigia debe kubaki kwa kila hali. Msimu ule ule wa 2023/24 Luton walishuka na Rob Edwards akabaki. Alipendwa sana, na kwa haki, maana ndiye aliyewafikisha Ligi Kuu. Januari 2025 aliondoka timu ikiwa ya 20 kwenye Championship, na Mei wakashuka tena hadi daraja la tatu. Upendo wa mashabiki uliwafanya wote, kocha na viongozi, wachelewe kukubali kwamba kikosi kilikuwa kimechoka rohoni. Kuna kushuka kunakoacha timu imevunjika vipande, wachezaji hawatazamani usoni, na kocha yule yule kila akisimama mbele yao anawakumbusha msiba. Hapo aondoke, tena mapema, kwa heshima. Benítez alikuwa na bahati ya kufika mwishoni, kidonda hakikuwa chake. Kieran McKenna, aliyebaki Ipswich baada ya kushuka mwaka 2025, alikuwa na akiba ya aina nyingine: aliikuta klabu daraja la tatu, akaipandisha mara mbili mfululizo, 2023 na 2024. Hakuna mtu Ipswich aliyehitaji kuelezwa kazi yake.

Sasa turudi nyumbani, ambako hasa ndiko swali linaniuma.

Ligi Kuu Tanzania Bara ina timu 16 na mechi 30. Mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, zinazofuatia juu yake zinapelekwa kwenye mtoano. Klabu ya mkiani kufikisha makocha wawili au watatu kwa msimu si habari ya ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo Mei inapofika na timu inashuka, mtu aliyesimama kwenye mstari ni mgeni wa wiki sita. Hakuchagua wachezaji, hakufanya maandalizi, wengine amewajua kwa majina ya mgongoni. Kumuuliza huyu kama atabaki ni kumuuliza msafiri kama ataijenga stendi. Swali linalosumbua watu Newcastle na Ipswich sisi hatulifikii, kwa sababu tumeshalifuta Februari.

Ukiwauliza viongozi watakwambia ni fedha, na hapo sitawabishia. Klabu inayoshuka kutoka Ligi Kuu ya Uingereza hupewa malipo ya kupunguza makali: mwaka wa kwanza asilimia 55 ya fungu la matangazo ambalo klabu zote hugawana sawa, mwaka wa pili 45, na wa tatu 20 kama ilidumu juu zaidi ya msimu mmoja. Kwetu mkataba wa miaka kumi wa Azam Media na shirikisho la soka nchini, TFF, wa shilingi bilioni 225.6, uliosainiwa 2021, uliziinua klabu za Ligi Kuu kwa kiasi ambacho wazee wa mpira hawakuwahi kukiona. Ila ukishuka hakuna godoro la kukupokea kama lile la Uingereza. Unatoka kwenye safari za uhakika, unaingia Championship ya kwetu ambako timu inaweza kusafiri usiku kucha kwa basi na kucheza kesho yake.

Ndiyo maana ukitazama waliorejea haraka utaona nyuma yao kuna mlipaji. Mtibwa Sugar, mabingwa wa 1999 na 2000, walishuka 2024 wakarejea 2025. Kiwanda hakikuacha kutoa mshahara. JKT Tanzania walishuka 2021 wakarudi 2023, na jeshi halina msimu wa njaa. Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji, walishuka 2023 kwa kufungwa na Mashujaa kwenye mtoano, wakarudi 2025. Ihefu waliokuwa na mfuko wao walishuka 2021, wakapanda 2022, na Novemba ile ile wakaifunga Yanga 2-1 Mbarali na kukata mbio zake za mechi 49 bila kupoteza. Timu za wananchi zisizo na kiwanda wala kambi kwa kawaida hazina simulizi kama hizi, na hata ya jeshi si kila mara hurudi. Mwaka 2016 Tanga ilipoteza timu zote tatu kwa mpigo, Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Ni Coastal tu, mabingwa wa 1988, waliorejea, 2018.

Hata hivyo kuna ukweli mwingine ambao viongozi hawapendi kuutaja wanapolia fedha. Kumfukuza kocha pia ni gharama, na siku hizi bili inafika hadi FIFA. Agosti 2023 Kitayosce, walioitwa baadaye Tabora United, waliingia Chamazi kucheza na Azam wakiwa na wachezaji wanane tu, kwa sababu walikuwa wamefungiwa kusajili kutokana na madai ya kocha waliyeachana naye. Wamepanda Ligi Kuu, ni mechi yao ya kwanza, na mpira ukavunjika mapema Azam wakiongoza 4-0 kwa kuwa wageni hawakutosha tena idadi. Niliitazama mechi ile nikaona aibu ambayo sikuwa na pa kuipeleka. Kocha mmoja ambaye hakulipwa alikuwa na uzito kuliko washambuliaji wote ambao hawakuruhusiwa kucheza.

Klabu ya Dar es Salaam au ya mkoani yenye hofu ya kushuka ingeweza kufanya jambo lisilohitaji bilioni. Wakati wa kumsajili kocha, mkataba uandikwe kabisa itakuwaje timu ikishuka: mshahara unashuka kwa kiwango gani, unalipwa na nani, na kocha ana kauli gani juu ya wachezaji watakaobaki. Akikataa vifungu hivyo Julai, mjue mapema kwamba Mei hatakuwepo. Akikubali, basi mechi za mwisho anazicheza akijua anajenga timu ambayo ataifundisha mwenyewe msimu ujao, na chipukizi wa miaka 19 atapewa dakika badala ya mkongwe wa mkopo ambaye kesho haonekani. Nasema hivi nikijua wapo makatibu wa klabu watakaosema kutaja kushuka ndani ya mkataba ni kujitabiria mabaya. Tunaandika wosia, tunakata bima ya gari, na hakuna aliyekufa kwa kuandika.

Nirudi Mbagala. Samatta alianzia African Lyon, klabu iliyokuwa ikiitwa Mbagala Market kabla ya kubadilishwa jina. Jioni ile ya Julai 2020 wakati tunaomba dua Villa wasishuke, Lyon walikuwa wameshashuka tangu msimu wa 2018/19, na hadi leo hawajarejea Ligi Kuu. Kibandani hakuna aliyewataja. Yule kijana aliyenishika bega alikuwa anatembea nami kuelekea Rangi Tatu, bado anataka kujua hatima ya Farke na Howe. Nikamuuliza anamkumbuka kocha aliyekuwa na Lyon siku inashuka. Akasimama kidogo, akawaita wenzake wawili waliokuwa nyuma, wakashauriana. Mmoja akataja jina, mwingine akasema huyo aliondoka duru la kwanza. Wakataja la pili, wakalikataa wenyewe. Tulifika kituoni, daladala ya Kariakoo ikaja, nikapanda bila jina.